Mtoto wa mbwa au paka akifika nyumbani: chanjo, minyoo na miezi minne ya kuangalia kalenda

Mbwa wangu wa kwanza nilimnunua Dar es Salaam, pembeni ya barabara, kutoka kwenye boksi la biskuti. Nikapewa na kadi ya chanjo. Ilikuwa na tarehe tatu, zote kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, stika hakuna hata moja. "Huyu, kaka, kamaliza chanjo zote, wewe mlishe tu." Mtoto mwenyewe alikuwa na wiki saba. Chanjo tatu ndani ya wiki saba ni hesabu isiyoingia, ila siku hiyo mimi nilikuwa nahangaika na masikio yake, moja limesimama, jingine limelala. Siku ya tano akasusa chakula. Usiku akatapika povu la njano, asubuhi akahara damu, na harufu yake ukishaisikia mara moja utaitambua ukiwa bado getini. Siku ya nane nikamzika chini ya mpapai. Ilikuwa parvo, ugonjwa wa virusi.

Baadaye nilikwenda kusomea afya ya mifugo Tengeru, na leo kuchanja mbwa na paka ni sehemu ya kazi inayonilisha. Haya ndiyo ninayowaeleza watu wanaokuja na mtoto kwenye kapu, kwa mpangilio uleule.

1. Kabla hujamchukua

Usimtoe kwa mama yake kabla ya wiki nane. Nauliza habari za mama kuliko za mtoto: alichanjwa? Alipewa dawa ya minyoo alipokuwa na mimba? Mtoto aliyenyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza, ya mama aliyechanjwa, tena ndani ya siku yake ya kwanza, ameanza maisha na akiba. Ambaye mama yake hajulikani, mhesabu hana kitu.

Mtazame akiwa na ndugu zake. Fizi ziwe za waridi. Macho yasiwe na tongotongo, pua isitoe kamasi zito. Tumbo lililovimba kama ngoma huku mbavu zinahesabika ni minyoo, usidanganywe kwamba "ameshiba". Inua mkia uone kama amechafuka kwa kuhara.

Kisha kadi. Kila chanjo ya kweli huacha alama: kichupa kina stika inayobanduliwa na kubandikwa kwenye kadi, yenye jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Kando yake iwepo sahihi na muhuri wa aliyechoma. Kadi isiyo na stika mimi naisoma kama karatasi tupu na naanza upya. Mtoto akichanjwa mara ya pili kwa makosa hapati madhara ya maana. Asipochanjwa kwa makosa, umeona yaliyonikuta.

2. Siku tatu za kwanza

Mpeleke kwa daktari wa mifugo ndani ya siku mbili au tatu hata kama anarukaruka. Mbebe mkononi au kwenye kapu, usimshushe chini kwenye kibaraza cha kliniki. Sakafu ile imepitiwa na wagonjwa. Chukua na kinyesi chake cha asubuhi kwenye kikopo kisafi, kiangaliwe kwa darubini.

Daktari atampima uzito na joto (nyuzi 38 hadi 39 na kidogo ndiyo kawaida, kwa hiyo usishtuke kumwona "ana homa" ukilinganisha na mtu), atasikiliza moyo, atafungua kinywa kuona kama kaakaa halina ufa, atabonyeza kitovu kutafuta ngiri. Akimkuta mgonjwa ataahirisha chanjo. Usimlazimishe.

Nyumbani, mpe chakula kilekile alichozoea kwa siku chache, kidogo kidogo mara nne kwa siku, ndipo ubadilishe taratibu. Maziwa ya ng'ombe yanawaharisha wengi wao. Ugali na dagaa unaweza kuwa mwanzo, lakini uwe na dagaa wa kutosha wasio na chumvi, na paka hawezi kuishi kwa ugali hata ukiupaka mchuzi: yeye ni mla nyama. Mtoto mdogo akilegea na kupoa mwili, mpake glukosi au maji ya sukari kwenye fizi, mfunike, kisha kimbia kliniki.

3. Minyoo kabla ya chanjo

Watu hushangaa nikisema mtoto wa mbwa huzaliwa na minyoo. Minyoo mviringo hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto akiwa bado tumboni, mingine hufuata kwenye maziwa. Kwa paka njia ya tumboni haipo, ila ya maziwa ipo. Ndiyo maana hatusubiri kuona kitu kwenye kinyesi.

Mbwa: wiki ya 2, 4, 6 na 8, kisha kila mwezi hadi atimize miezi 6, halafu kila baada ya miezi mitatu. Paka: anza wiki ya 3, rudia kila wiki mbili hadi aache kunyonya, kisha kila mwezi kama mbwa. Mama anapewa pamoja na wanawe, vinginevyo unafagia huku mvua ya vumbi inanyesha.

Kwa wadogo hawa dawa tunayoipenda ni pairanteli, ni ya upole. Ukiona vipande kama punje za mchele vikicheza karibu na mkundu, hiyo ni tegu, na mara nyingi imeletwa na viroboto aliowameza akijilamba. Itahitaji prazikwanteli, na viroboto wenyewe waondolewe, la sivyo utamrudisha mwezi ujao na tatizo lilelile. Dozi yote hufuata uzito. Kama huna mizani ndogo, panda kwenye mizani ya kawaida ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, toa. Asubuhi inayofuata usiogope ukikuta mafungu kama tambi. Ndiyo kazi ya dawa.

Dawa ya minyoo ya mbuzi au ng'ombe "kidogo tu kwa kukadiria" ndiyo njia ya haraka ya kumuua mtoto wa kilo moja. Nimewapokea wa namna hiyo wakitetemeka, na si wote niliowarudisha.

Kinyesi kizolewe kila siku. Mayai ya minyoo mviringo yanahitaji kama wiki mbili au zaidi chini ili yawe na uwezo wa kuambukiza, kwa hiyo anayezoa kila siku anayawahi. Watoto wa watu wanaocheza kwenye mchanga ndio hupatwa zaidi: minyoo hii ikiingia kwa binadamu huzurura mwilini na inaweza kufika hadi kwenye jicho.

4. Kwa nini sindano moja haitoshi

Hapa ndipo wengi tunapoachana nao, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Dang'a ya mama inampa mtoto kinga ya mkopo. Kinga hiyo hupungua kila wiki. Ikiwa bado ina nguvu, chanjo ikiingia inamezwa na ile kinga ya mama, na mwili wa mtoto haujifunzi lolote, umechoma maji. Ikishaisha na chanjo haijaja, mtoto yuko wazi kabisa. Sasa, inaisha lini? Kwa mmoja wiki ya 8, kwa ndugu yake wa tumbo moja wiki ya 14. Kwa macho huwezi kujua. Basi tunachanja, tunarudia, tunarudia tena, hadi tufike wiki ya 16 ambapo karibu wote wameshaumaliza ule mkopo.

Kwa hiyo sindano tatu si theluthi tatu za kinga. Mteja huniambia, "Kapata mbili kati ya tatu, si haba." Haba sana. Zile mbili huenda zote zilimezwa. Ukilazimika kukosa moja, isiwe ya mwisho.

Kalenda ya mbwa ninayoifuata:

- Wiki 6 hadi 8: chanjo mchanganyiko ya kwanza. Kwenye kichupa utaona herufi DHPPi au zinazofanana: distempa, homa ya ini ya mbwa, parvo na kikohozi.
- Wiki 10 hadi 12: mchanganyiko wa pili, pamoja na chanjo ya homa ya mgunda, herufi L.
- Wiki 12 na kuendelea: kichaa cha mbwa.
- Wiki 14 hadi 16: mchanganyiko wa mwisho na homa ya mgunda ya pili. Kama tarehe imeangukia wiki ya 15, mimi husogeza hadi 16.

Kati ya sindano na sindano ziwe wiki mbili hadi nne. Mtoto aliyefika kwako akiwa ameshavuka miezi minne hana haja ya mlolongo wote. Daktari atapanga moja au mbili, ila ile ya homa ya mgunda lazima iwe mara mbili.

Paka anafuata mwendo huohuo: wiki ya 6 hadi 8, kila wiki tatu au nne, hadi wiki ya 16, kisha kichaa kuanzia wiki ya 12. Kichupa chake mara nyingi kina herufi RCP. Ndani yake mna kinga ya mafua ya paka ya aina mbili, yale yanayogandisha macho ya watoto wa paka mtaani, na ya ugonjwa wa kuhara na kutapika ambao virusi vyake ni ndugu wa parvo na huua kwa kasi ileile. Pwani paka anaheshimika, analala hadi kwenye mkeka wa kusalia, lakini ni wachache sana ninaoletewa kuchanjwa. "Paka si anajitegemea?" Anajitegemea, ndiyo, mpaka jirani alete paka mgonjwa.

Parvo nimeshaieleza. Distempa ni mjanja zaidi: huanza na tongotongo, kamasi na kikohozi, mwenye mbwa anadhani ni mafua, mbwa anapata nafuu, kisha baada ya wiki chache taya linaanza kutafuna hewa kama mtu mwenye bigijii na degedege linafuata. Mwaka 1994 virusi hivi viliingia Serengeti, vikaua takriban theluthi moja ya simba, wanaokadiriwa kufika 1,000. Mbwa wa vijiji vya pembezoni ndio waliotazamwa kama chanzo. Homa ya mgunda wengi mliisikia kwa mara ya kwanza Julai 2022, Ruangwa mkoani Lindi, ilipoua watu. Panya hukojoa kwenye sahani ya mbwa usiku, mbwa anaugua, naye anakojoa uani mnakopita peku. Sahani isilale nje na makombo.

5. Kichaa cha mbwa

Chanjo hii si ya mbwa peke yake, ni ya watoto wako. Dalili zikishaanza, kwa mbwa au kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Sindano ya kwanza akiwa na miezi mitatu, ya pili baada ya mwaka, kisha kila mwaka kwa utaratibu wetu wa kawaida. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, 28 Septemba, halmashauri nyingi huchanja bure au kwa bei ya chini. Afisa mifugo wa kata yako ndiye wa kumuuliza. Kwenye kampeni hizo peleka hata mtoto asiyefikisha miezi mitatu. Atachanjwa, kisha utamrudisha akifikisha miezi mitatu.

Ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa pa kupita. Pemba walifanya hivyo, kichaa kikatoweka. Kikaingia tena mwaka 2016, wakarudi kuchanja kisiwa kizima, kikatoweka tena. Hiyo ni kazi ya watu waliovuta mbwa wao kwa kamba ya katani hadi uwanja wa shule.

Mtoto wako akiumwa au kukwaruzwa na mbwa au paka, hata yule mdogo wa kuchekesha: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 za saa, si za kukisia. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala jiwe la nyoka. Nenda hospitali siku hiyohiyo uanze chanjo. Mnyama akipatikana, afungwe na kutazamwa siku kumi, asiuawe na kutupwa porini. Chanjo ya mtu haisubiri matokeo ya mnyama.

6. Chanjo inanunuliwa wapi, na inafikaje

Siku moja kijana aliniletea kichupa alichokinunua duka la dawa za mifugo Kariakoo. Kilikuwa kwenye mfuko wa shati. Alipanda daladala hadi Mbagala, foleni ya saa mbili, jua la saa nane. Nilikishika kikawa na joto la chai iliyopoa. Nikamwambia sitachoma. Akakasirika, na ninamwelewa, hela yake ilikuwa imeondoka. Lakini kile kidonge cha unga ndani ya kichupa ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na vikifa kwa joto unachochoma ni imani.

Chanjo hukaa nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani hadi kwenye sindano. Ya kichaa haitakiwi kuganda, kwa hiyo isikae kwenye friza pamoja na samaki. Ukilazimika kuibeba mwenyewe, uwe na kibebeo chenye barafu, barafu ifungwe kwenye gazeti isigusane na kichupa. Kilicho bora zaidi ni kumwacha daktari aitunze, na wewe usimame umwangalie akitoa kichupa kwenye friji, akichanganya unga na maji yake, akichoma papo hapo. Chanjo iliyochanganywa asubuhi ikachomwa mchana imepotea.

Baada ya sindano kaeni hapo nusu saa. Uso ukivimba, akitapika au kupumua kwa shida, daktari yupo karibu. Zaidi ya hapo, kusinzia siku moja na kauvimbe kadogo penye sindano si la kukutia wasiwasi.

7. Hadi amalize, atembee wapi?

Mwezi wa pili baada ya kumzika wa kwanza nilileta mbwa mwingine. Uani palepale. Akaugua naye, huyu alipona kwa siku nne za dripu na bili ambayo mke wangu hajaisahau. Virusi vya parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka. Sabuni ya kawaida haviiogopi.

Sakafu ya saruji, sahani na banda: sugua kwanza kwa sabuni uchafu utoke, kisha mwagia jiki, sehemu moja kwa maji sehemu 30, yaani karibu theluthi ya lita kwenye ndoo ya lita 10. Acha dakika kumi, suuza, anika juani. Udongo hautakasiki kwa jiki. Kama uani pameshakufa mbwa kwa parvo, leta aliyekamilisha chanjo, au subiri.

Mtoto ambaye hajamaliza asishushwe sokoni, ufukweni wala kwenye jalala la mtaa. Lakini usimfungie gizani miezi minne, atakua mwoga na mkali. Mbebe, mpeleke kwa jirani mwenye mbwa aliyechanjwa, asikie bodaboda na adhana na watoto wanaotoka shule. Ambao mbwa hawaingii ndani kwa sababu ya dini hawana hasara yoyote hapa: banda kavu lililoinuka, sahani yake mwenyewe, basi.

8. Kupe, viroboto na dawa zinazoua

Homa za kupe kwa mbwa wetu hazizuiwi na chanjo yoyote niliyotaja. Kila jioni pitisha vidole ndani ya masikio, kwapani na katikati ya vidole vya miguu. Mkojo wa rangi ya soda nyeusi na fizi nyeupe ni safari ya kliniki usiku huohuo. Kwa watoto wa chini ya wiki nane tumia chanuo la meno madogo na maji ya uvuguvugu. Dawa za kupaka zina umri na uzito wake, soma.

Usimwogeshe kwa dawa ya josho la ng'ombe. Poda ya viroboto ya mbwa yenye pemethrini usimguse nayo paka. Na panadoli: nusu kidonge yatosha kumuua paka. Diklofenaki na ibuprofeni zinatoboa tumbo la mbwa. Anayeumwa hapewi dawa kutoka kabati la bibi.

Mengine ya kukutoa usingizini: kutapika mfululizo, paka anayepumua kwa mdomo wazi, degedege, mtoto wa paka aliyekaa siku nzima bila kula.

9. Sindano ya mwaka

Ukimaliza wiki ya 16 utasikia umetua mzigo, na hapo ndipo kadi inapotelea kwenye droo. Kuna ya kurudia akifikisha mwaka mmoja. Baada ya hiyo, kwa parvo na distempa miongozo ya kimataifa inaruhusu kupumzika hadi miaka mitatu, wakati homa ya mgunda na kichaa ni kila mwaka. Kuhusu kuhasi, liulizie mapema: paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, nanyi bado mnamwita mtoto.

Kabla hujatoka kliniki mwambie daktari aandike tarehe inayofuata kwa kalamu, nawe uiweke kwenye simu wiki moja kabla. Mbwa niliye naye sasa ana miaka sita. Kadi yake ilijaa stika mwaka juzi, ikabidi nibane kadi ya pili nyuma yake kwa stepla.